Neno 'kugomba' lilivyonifunza uanahabari wa jamii

Katika miaka ishirini na ushei ambayo nimefundisha uanahabari chuoni, nimesahihisha kazi za wanafunzi zisizohesabika. Nyingi nimezisahau. Kuna moja ambayo siwezi kuisahau, kwa sababu niliipa alama ya A, kumbe ilistahili kurudishwa kwa mwandishi wake ikaandikwe upya.

Kazi hiyo iliandikwa Mwabungo, Kaunti ya Kwale. Msomaji asiyepajua avuke feri ya Likoni, ashike barabara kuu ya Lungalunga, apite Ukunda, na kabla hajafika Msambweni atakuwa Mwabungo. Ataona minazi na mikorosho, vijana wa bodaboda wakingoja abiria kivulini, na njia za mchanga zinazoelekea upande wa bahari, Galu na Kinondo. Hii ni nchi ya Wadigo. Nilikuwa nimewapeleka huko wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mafunzo ya nyanjani, na kila mmoja niliagiza aandike habari moja ya kijiji kwa ajili ya jarida dogo la darasa letu.

Mwanafunzi mmoja, kijana hodari kutoka bara kama mimi, alipata habari ya ardhi. Familia mbili zilikuwa hazielewani kuhusu mpaka wa shamba la minazi. Alimhoji mzee wa upande mmoja, naye mzee akamjibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Chidigo, kama wazungumzavyo watu wengi wa huko. Alisema: "Sisi na wenzetu twagomba kila Ijumaa, baada ya swala." Mwanafunzi akaandika alichokisikia. Kichwa cha habari kikawa kwamba familia mbili zazozana kila Ijumaa, tena msikitini. Mimi nikaisoma kazi ile, nikaona sentensi zimenyooka, nukuu ipo, chanzo kimetajwa, na kichwa kina mvuto. Nikaandika A. Jarida likachapishwa na nakala kadhaa zikarudishwa Mwabungo, maana tuliwaahidi wenyeji kwamba tutakachoandika watakiona.

Miezi miwili baadaye nilirudi kuwasalimu wenyeji wetu. Nilimkuta yule mzee ameketi barazani kwake.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikumu salaam, mwalimu. Karibu, keti."

Akaagiza niletewe maji. Kisha akaingia ndani, akatoka na jarida letu lililokunjwa mara nne. "Hebu nisomee hapa," akasema. Nikasoma. Alinyamaza kidogo, halafu akanambia maneno ambayo nimeyarudia mbele ya kila darasa tangu siku ile: "Mwalimu, jarida lako limenigombanisha na mtu niliyekuwa nikigomba naye."

Sikumwelewa mpaka mjukuu wake aliponifafanulia. Kwa Chidigo, kugomba ni kusema, kuzungumza. Mtu akigomba na mwenzake wanaongea. Kamusi ya lugha tatu, Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka mwaka wa 2004, inaitwa Mgombato, yaani mazungumzo, usemi. Kwa Kiswahili sanifu, kama ajuavyo msomaji, kugomba ni kukaripia, kuteta. Na humo ndimo tunamopata kugombana, ugomvi, kugombania, hata mgombea wa uchaguzi. Kwa hiyo mzee alikuwa amemweleza mwanafunzi wangu kwamba familia zile mbili huketi pamoja kila Ijumaa, baada ya swala, kutafuta suluhu. Sisi tukawatangazia watu kwamba hupigana maneno msikitini.

Madhara yalikuwa ya kweli. Jarida liliposomwa upande wa pili, watu wa upande huo walisema, "Ati wametutangaza sisi ni wagomvi!" Wakasusia vikao. Mazungumzo yalisimama kwa zaidi ya mwezi, mpaka wazee wengine walipoingilia kati. Mnazi mmoja wa mpakani ulikatwa usiku katika siku hizo, na hadi leo hakuna aliyekiri. Siwezi kusema kwamba ulikatwa kwa sababu ya jarida letu. Siwezi kusema pia kwamba haikuwa hivyo.

Nilimwomba mzee radhi. Akajibu, "Radhi nimekupa, mwalimu. Lakini lile jarida, mbona halijaomba?" Toleo lililofuata lilikuwa na masahihisho kwenye ukurasa wa kwanza, si kwenye kona ya ukurasa wa mwisho ambako magazeti huyaficha. Niliyaandika mwenyewe na kutia jina langu, kwa kuwa mwandishi alikuwa mwanafunzi na aliyeipitisha habari ni mimi.

Nimelileta tukio hili katika safu ya lugha kwa sababu naona kosa letu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la uanahabari. Laiti mzee angezungumza Kidholuo au Kisomali, mwanafunzi wangu angetafuta mkalimani. Hakutafuta kwa kuwa alidhani ameelewa. Kiswahili na lugha za Kimijikenda ni ndugu wa damu. Wanaisimu huziweka katika kundi moja la Sabaki, pamoja na Kipokomo na Kikomoro. Msikilizaji wa Kiswahili akifika Kwale husikia Chidigo akakitambua: ki- imekuwa chi-, mji umekuwa mudzi. Husema moyoni, "Aa, hiki nakifahamu." Hapo ndipo hatari ilipo. Maneno mengi yanafanana kwa umbo na maana, ila machache yamebaki na umbo lile lile huku maana zikiachana njia. Hayo machache hayabishi hodi.

Mfano mwingine ni neno mwaka. Katika sehemu nyingi za pwani yetu, mwaka si miezi kumi na miwili pekee. Ni jina la mvua kubwa, zile ambazo vitabu vya shule huziita masika. Mkulima wa Mwabungo anayesema "nilipanda mwaka, vuli sikupanda" anazungumzia misimu miwili ya mvua. Ripota asiyejua ataandika kwamba mkulima huyo alipanda mwaka mzima, au mwaka jana, na takwimu yake ya mavuno itakuwa imepotoka kabla haijafika mezani kwa mhariri. Na hapa hatuzungumzii Chidigo tu. Hiki ni Kiswahili cha pwani, ambacho sisi tuliojifunza Kiswahili darasani hudhani tunakimiliki.

Sasa nirejelee istilahi yenyewe. Uanahabari wa jamii ni nini hasa? Katika vyuo vya Marekani, dhana hii ilipewa jina na Kenneth Byerly, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha North Carolina, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1961. Alikuwa amewahi kuendesha magazeti madogo ya miji kabla ya kuingia chuoni. Alitafuta jina jipya kwa kuwa lile la zamani, gazeti la mji wa nyumbani, halikutosha tena: miji ilikuwa imepanuka, na vitongoji vyake navyo vilikuwa na magazeti yavyo. Baada yake Jock Lauterer, katika chuo kicho hicho, aliliendeleza somo hilo kwa vitabu na kwa kuwapeleka wanafunzi mitaani kuandika. Kiini cha fundisho lao ni rahisi kueleza. Mwandishi wa gazeti la jamii anaishi na watu anaowaandika. Kesho atakutana nao dukani, msikitini, kanisani, kwenye foleni ya kliniki. Akikosea, hakuna haja ya barua kwa mhariri, atasimamishwa njiani.

Kwa Kiswahili dhana hiyo imepata majina mengi, na kila jina lina walakini wake. Wapo wanaosema uanahabari wa kijamii. Tatizo ni kwamba kijamii imeshachukuliwa na mitandao ya kijamii, kiasi kwamba mwanafunzi akisikia "uanahabari wa kijamii" anafikiria Facebook na TikTok. Magazeti yetu hupenda neno mashinani. Ni neno zuri, limetokana na shina, pale mti unapokutana na ardhi. Lakini hebu tutazame linavyotumika: "habari za mashinani" ni zile zinazosukumwa kwenye ukurasa wa ndani, zikatazamwa kutoka juu na mtu aliyekaa tawini. Sijawahi kumsikia mtu wa Mwabungo akisema yeye anaishi mashinani. Yeye anaishi Mwabungo. Watanzania, kwa maoni yangu, wametupiku hapa kwa kusema redio jamii, maneno mawili tu bila kiunganishi. Mimi hutumia uanahabari wa jamii, nikikusudia kwamba jamii ndiyo mwenye kitu, na mwandishi ni mtumishi wake.

Baadhi ya wasomi wetu huliona somo hili kama bidhaa iliyoletwa kwa meli kutoka Marekani. Sikubaliani nao. Jina ndilo geni. Gazeti la kwanza la Kiswahili, Msimulizi, lililoanza mwaka wa 1888 katika chuo cha wamisionari cha Kiungani, Unguja, lilikuwa na habari kutoka vituo mbalimbali vya misheni, nyingi zikiandikwa na Waafrika waliosoma au kufundisha huko. Mtu wa kituo hiki alisoma mambo ya mwenzake wa kituo kile aliyemjua kwa jina. Na jina la gazeti lenyewe linatufaa: msimulizi ni mtu, ana sauti, na anaweza kuulizwa.

Karibu zaidi na Kwale, ng'ambo ya kivuko, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mjini Mombasa mwaka wa 1930. Ulikuwa ukurasa ulioandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kisha ukatolewa nakala. Mwaka wa 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Sheikh aliwaandikia watu wa mji wake juu ya mambo ya mji wao: elimu, desturi, uchumi, dini. Aliwakosoa waziwazi, halafu akatoka nje akakutana nao. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wanafunzi wangu humjua mwanawe, Profesa Ali Mazrui, zaidi ya wamjuavyo yeye. Mimi huwaambia kwamba wakitaka kuona uanahabari wa jamii wa pwani, waanzie kwa baba.

Tanzania nayo, katika harakati za kisomo cha watu wazima, ilianzisha gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho mwaka wa 1974 katika kanda ya Ziwa. Liliandikiwa watu waliokuwa wametoka tu kujua kusoma, ambao bila ya kitu cha kusoma wangesahau. Yule anayedhani kwamba kuandikia watu wa kijijini ni kazi nyepesi ajaribu kueleza bei ya pamba kwa mtu aliyejua kusoma mwezi uliopita.

Kenya tuna sifa yetu pia, sifa ambayo ni aibu vile vile. Mwaka wa 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo cha redio ya jamii kilianzishwa Homa Bay, kikitangaza kwa Kidholuo kwa mtambo wa gharama nafuu. Kimeandikwa katika tafiti nyingi kama redio ya kwanza ya jamii barani Afrika. Mwaka wa 1984 serikali ikakifunga. Nikifundisha kisa hiki huwauliza wanafunzi: nani alikuwa mwenye redio ile? Kituo kilikuwa chini ya Sauti ya Kenya, shirika la serikali. Wasikilizaji walikuwa na sauti yao hewani, lakini ufunguo wa chumba cha mtambo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Iliwabidi Wakenya wangoje miaka ishirini hivi kabla ya redio kama Mang'elete FM ya Makueni, iliyoanza kutangaza mwaka wa 2004 chini ya vikundi vya akina mama, kisha Koch FM ya Korogocho mwaka wa 2006 na Pamoja FM ya Kibera mwaka wa 2007.

Leo sheria zetu za mawasiliano, kufuatia marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka wa 2009, zinatambua aina tatu za utangazaji: wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Ule wa jamii hautafuti faida ya mwenye mali. Hapa kuna mkanganyiko ambao hata wanahabari wenyewe huwa nao. Redio ya lugha ya mama si lazima iwe redio ya jamii. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilivitaja vituo vya lugha za kienyeji miongoni mwa vilivyochochea chuki, na watu wengi wakahitimisha kwamba lugha zetu ndizo zenye sumu. Lakini vituo vingi vilivyolaumiwa vilikuwa vya kibiashara. Lugha haikuwa na hatia. Swali lilikuwa lile lile la Homa Bay: nani mwenye kituo, na msikilizaji akikasirika anaweza kumfikia nani?

Kwale ina bahati ya kuwa na sauti zake. Kuna Radio Kaya, inayotangaza kwa lugha za wenyeji, na kuna kituo cha RANET kilichoanzishwa na idara ya utabiri wa hali ya hewa ili wakulima na wavuvi wapate habari za mvua na bahari kwa lugha wanayoielewa. Siku moja nikiwa Mwabungo nilisikiliza utabiri kwa Kiswahili cha Nairobi, kisha kwa lugha ya wenyeji. Ule wa kwanza ulisema kutakuwa na mvua za wastani. Wa pili, mwenyeji wangu alinieleza, uliwaambia wavuvi kama waende au wasiende.

Msomaji anaweza kuniuliza, "Profesa, kwani haya ya neno jamii yana uzito gani? Si maneno tu?" Jibu liko kilomita chache kutoka Mwabungo. Huko Maumba na Nguluku palichimbwa madini ya titani kwa zaidi ya mwongo mmoja. Shehena ya kwanza ilisafirishwa kutoka Likoni mwaka wa 2014, na uchimbaji ulikoma mwishoni mwa mwaka wa 2024. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inasema kwamba mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Asilimia 10 kwa jamii! Basi jamii ni nani? Ni waliohamishwa kutoka Maumba? Ni wanaoishi karibu na shimo leo? Ni wale ambao malori yaliwapitia mlangoni kila siku? Au ni wadi nzima? Neno tunalolitumia ovyo katika hotuba limekuwa neno la fedha na haki, na anayelieleza vibaya anaweza kumnyima mtu chake.

Nimehudhuria baraza ambapo ofisa mmoja alizungumza kwa nusu saa kuhusu mrabaha bila kulieleza neno hilo hata mara moja. Watu walipiga makofi. Tulipotoka nje mama mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, huo mrabaha ndio fidia?" Fidia hulipwa aliyepoteza shamba au nyumba yake, ikilipwa imekwisha. Mrabaha hulipwa kwa sababu mali ya ardhini inatolewa, nao huendelea kadiri inavyotolewa. Mtu anayedhani mrabaha ni fidia atadhani ameshalipwa. Ripota aliyekuwa pale aliandika kwamba wakazi waliunga mkono mpango huo. Makofi aliyasikia vizuri. Swali la yule mama hakulisikia, kwa kuwa alikuwa ameshaondoka kuwahi gari la Mombasa.

Basi tunafundishaje? Baada ya kisa cha kugomba nilibadilisha namna ninavyoliendesha darasa langu, na nitataja mambo matatu.

La kwanza ni daftari la maneno. Mwanafunzi akifika kijijini, siku mbili za kwanza haruhusiwi kuandika habari yoyote. Anaandika maneno. Kila neno linalofanana na Kiswahili anachokijua analiuliza, hata kama ana hakika. Hasa kama ana hakika. Anauliza wazee, anauliza watoto, anauliza wauza samaki, kwa sababu neno hilo hilo linaweza kuwa na sura tofauti kwa kila mmoja wao. Baadhi ya wanafunzi hulalamika kwamba hilo ni somo la isimu, wao walikuja kusomea uanahabari. Huwa nawasimulia habari ya mnazi uliokatwa.

La pili ni kusomea. Kabla habari haijachapishwa, mwandishi anarudi kwa aliyemhoji na kumsomea maneno yake pamoja na tafsiri yake. Hapa nimebishana sana na wenzangu walio katika vyumba vya habari vya Nairobi. Wao wana kanuni kwamba chanzo hakionyeshwi habari kabla ya kutoka, na sababu yao ni nzito: mwanasiasa akionyeshwa atataka kuifuta nusu yake. Nakubali. Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi kutofautisha mambo mawili. Aliyehojiwa ana haki ya kurekebisha maana ya maneno yake mwenyewe. Hana haki ya kuondoa maneno ya mwenzake, wala kuamua kichwa cha habari. Kwa mwenye cheo anayezungumza lugha ya ripota, haja ya kusomea ni ndogo. Kwa mzee aliyezungumza lugha yake na maneno yake yakavuka kwenda lugha nyingine, haja ni kubwa. Laiti kijana yule angemsomea mzee wa Mwabungo sentensi moja tu, kosa lingenaswa pale pale barazani.

La tatu ni kurudi. Kila habari ina siku ya marejeo. Mwandishi anarudi na nakala, anaketi, anasikiliza. Si rahisi. Nimewaona wanafunzi shupavu, wanaoweza kumhoji gavana bila kutetemeka, wakitafuta visingizio vya kutorudi kwa muuza mandazi waliyemnukuu vibaya. Gavana hawatakutana naye tena kwa ukaribu. Muuza mandazi atawakaribisha kwa jina, kisha atauliza.

Wasomaji wenye watoto vyuoni na wahadhiri wenzangu watataka kujua kama kazi ya namna hii inalipa. Niseme ukweli: kwa vipimo vya vyuo vyetu, si sana. Uanahabari umefundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka wa 1970, na siku hizi vyuo vinavyoufundisha ni vingi. Lakini mhadhiri akiomba kupandishwa cheo anahesabiwa makala za majarida ya kitaaluma, na yanayohesabiwa zaidi ni yale ya ng'ambo, kwa Kiingereza. Jarida la kijiji halina alama. Daftari la maneno mia mbili ya Chidigo halina alama. Safari kumi za Mwabungo zinaitwa huduma kwa umma, zikapewa mstari mmoja katika fomu. Nimewahi kuandika makala kuhusu kisa cha kugomba kwa Kiingereza. Ilinisaidia kupanda daraja. Mzee ambaye kisa ni chake hawezi kuisoma. Nilipotambua hilo niliona haya, nikaifupisha kwa Kiswahili, nikaenda kumsomea. Alinirekebisha mahali pawili, na mojawapo lilikuwa jina la mtaa ambalo wataalamu wawili wa kimataifa waliopitia makala ile hawakuweza kujua kwamba limekosewa.

Siandiki haya ili kumdharau mwanahabari wa Nairobi wala msomi wa Kiingereza. Taifa linahitaji gazeti la kitaifa, na utafiti unahitaji lugha za kimataifa. Ninachokidai ni kwamba habari inayohusu watu ipitie masikioni mwao angalau mara moja kabla ya kuwa rekodi. Habari ikiandikwa kwa lugha ambayo wahusika hawawezi kuirekebisha, makosa yake hugeuka ukweli kwa kukosa wa kuyapinga. Mtafiti wa miaka hamsini ijayo angelikuta jarida letu maktabani, angeandika kwamba Mwabungo palikuwa na uhasama wa ardhi uliolipuka kila Ijumaa. Angeweka na tanbihi.

Nina ombi kwa wahariri. Kila chumba cha habari chenye mwakilishi Kwale, Kilifi, Tana River au Lamu kiwe na nakala ya kamusi ya lugha ya mahali hapo. Ya Chidigo ipo, na ina Kiswahili ndani yake. Ombi jingine ni kwa wahadhiri wa Kiswahili: tuache kuwaambia wanafunzi kwamba lahaja na lugha jirani ni makosa ya kusahihishwa kwa wino mwekundu. Mimi niliwahi kulipigia mstari neno mwaka katika insha ya mtoto wa Msambweni na kuandika juu yake "masika". Mtoto yule alikuwa sahihi kwa mujibu wa mvua za kwao.

Mara ya mwisho nilipofika Mwabungo, mgogoro wa mpaka ulikuwa umekwisha. Walikubaliana kupanda mstari wa minazi michanga katikati, kila familia ichume upande wake. Nilimpata mzee barazani, na aliyeketi naye alikuwa yule wa upande wa pili, yule yule aliyesusia vikao kwa ajili yetu. Nikawasalimu, nikauliza kama nimewakatiza.

"La, mwalimu," akasema mzee. "Twagomba tu. Karibu."

Nikaketi. Kabla sijatoa kalamu nilimuuliza amekusudia kugomba gani, wakacheka wote wawili.